Rabi Bar-Sulle wa Tiberia

Upuuzi wangu wa kwanza mwaka ule ulikuwa kumtunga mtu. Sikumtunga kwa udongo kama Mungu alivyofanya, maana udongo wa Balangdalalu wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, hata Mungu mwenyewe angepiga chafya. Nilimtunga kwa mdomo, saa ya chakula cha mchana, ugali ukiwa bado shavuni. Nikampa jina: Rabi Bar-Sulle. Nikampa mji: Tiberia. Nikampa ndevu mpaka kitovuni na macho mabovu, ili ijulikane kwamba alisoma sana. Sulle ni jina la babu yangu, ambaye hakuwahi kufika hata Babati, na "bar" nilikuwa nimefundishwa juma lile lile kuwa kwa Kiaramu ni mwana wa fulani. Basi akazaliwa mwalimu mkuu wa Wayahudi, katika kibanda cha kupikia, baina ya sufuria ya maharage na kuni mbichi zilizotutoa machozi.

Ningekuwa nimeshamsahau kama ninavyosahau mambo mengine ninayotunga, na shuleni wanajua natunga mengi. Lakini likizo iliyopita, kabla sijaingia kidato cha nne, tulimzika Mwalimu Zefania nyuma ya kile chuo chake cha Biblia, upepo ukitupiga mchanga usoni kama vile nao una deni na sisi. Wakati wa kutupa udongo alitoka mtu katikati ya waombolezaji, mrefu, shuka jekundu, mkono wa kushoto umepinda pale mfupa ulipounga vibaya. Alikuwa ametembea kutoka Dirma, anakochunga ng'ombe wa watu. Huyo ni Yakobo Gidamowsa. Akachota udongo kwa mkono mzima, akautupa, akasema kwa sauti ya kanisani: "Rabi Bar-Sulle alisema, penye kaburi hapana mfalme." Watu wakaitika, "Amina." Mchungaji mgeni aliyetumwa kuongoza ibada akatikisa kichwa taratibu, kama anamfahamu rabi huyo tangu masomoni. Mimi niliyecheka kwenye kipaimara changu mwenyewe, nikatafuta kicheko nisikipate. Niliinamia viatu vyangu. Kiatu kimoja kilikuwa kimefunguka mdomo, ndicho peke yake kilichokuwa kinacheka pale.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutoka, na mama akaona nikikaa nyumbani nitaharibika zaidi ya nilivyokuwa nimeharibika tayari. Akanifunga kuku mmoja miguu, akanishika mkono, tukaenda kwa Mwalimu Zefania. "Shikamoo Mwalimu. Nimekuletea huyu. Kuku ni wako, na huyu pia ni wako, ila kuku ana adabu." Ndivyo nilivyoandikishwa chuo cha Biblia, mtoto peke yangu katikati ya wainjilisti watu wazima wenye wajukuu. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu vya bati. Upepo ukivuma kutoka nyanda za ngano, bati lilipiga kelele mpaka nabii Isaya akalazimika kusubiri. Mwalimu alikuwa mtu wa Lushoto, amesoma ng'ambo, akaletwa huku na kanisa, akasahauliwa huku na kanisa. Alikuwa na Agano la Kale la Kiebrania ambalo panya walikula jalada, akalifunika upya kwa ngozi ya ndama ambayo haikukauka vizuri. Kwa hiyo Neno la Mungu kwetu lilikuwa na harufu, na nzi wake. Kitabu hicho kinaanzia nyuma. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mwalimu, umekishika kinyume," na wainjilisti wote wakazuia pumzi kwa hofu. Yeye akacheka mpaka akavua miwani. "Kijana, ndiyo maana sijafika mbali. Njoo ukae mbele."

Nilikaa mbele kwa sababu macho yake yalikuwa yanakwisha. Herufi za Kiebrania alizisoma kwa kugusisha pua kwenye ukurasa, mwenzetu Mzee Tsere akisema Mwalimu hasomi, ananusa. Lakini vile vitabu vya maelezo, masanduku matatu ya Kiingereza yaliyokusanya waliyosema wazee wa Kiyahudi wa zamani, vilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, hakuyaweza tena. Basi nikawa namsomea. Kiingereza changu cha darasa la saba kilikwenda kama mbuzi anayepanda ngazi. Sikuelewa lolote. Natamka tu, naye anafunga macho, anasikiliza, kisha anawaeleza wenzangu kwa Kiswahili. Wao walipoona mimi natamka na Mwalimu anafurahi, wakaamini kwamba mtoto huyu ana vitabu vyote kichwani. Sikuwasahihisha. Nani anasahihisha heshima inapokuja bila kuitwa?

Na alivyofundisha! Mpaka leo, nikiwa seminari na walimu wenye kaunda suti, sijaona mwingine. Tulianza Mwanzo mwezi wa kwanza. Mwezi wa kumi Ibrahimu alikuwa bado hajafa. "Andiko lina matundu," alikuwa anasema, akituonyesha kwa kidole kama vile tundu liko hapo mezani. "Wengine wakiona tundu wanaziba kwa saruji. Wazee wa Kiyahudi wakiona tundu wanachungulia." Siku ya Isaka, kwa mfano. Baba na mtoto wamepanda mlimani wawili, kisu mkononi. Kondoo amepatikana, mtoto amepona. Halafu andiko linasema Ibrahimu akawarudia vijana wake waliomngoja. Ibrahimu. Isaka hatajwi. "Yuko wapi mtoto?" Mwalimu aliuliza. Mzee Tsere, mwinjilisti mkubwa kwa umri na tumbo, akasema, "Alibaki nyuma anajisaidia." Nilidhani atafukuzwa. Mwalimu akawaza kabisa, akasema, "Inawezekana. Nani mwingine?" Kisha akatuambia waliyosema wazee: mmoja kwamba baba alimpeleka mtoto shule ya dini, mwingine kwamba malaika walimchukua kumtibu. Na kwamba sura inayofuata inaanza na kifo cha Sara, na wapo waliosema habari ya mlimani ndiyo iliyomwua. Nilirudi nyumbani Jumamosi nikamweleza mama, aliyekuwa anapeta ngano. Si ngano yetu. Kombaini la shamba la serikali likishapita, akina mama walikuwa wanaokota masazo yaliyodondoka, mpaka walinzi wawafukuze. "Huyo baba alimuaga mama wa mtoto kabla hajaondoka?" mama aliuliza. Nikasema andiko halisemi. "Hm," akasema, akapuliza makapi, yakanijaa kichwani.

Sasa nieleze kwa nini nilimtunga Bar-Sulle, maana si kwa utundu peke yake. Mchana tulikula katika kibanda cha kupikia. Wazee kwenye benchi, mimi juu ya kuni. Hapo ndipo darasa lenyewe lilipoendelea, watu wakibishana Kaini alioa nani, ugali ukipoa. Mimi nilikuwa na maneno tele. Lakini kwetu kijana hana neno lake barazani. Akijaribu, ataambiwa alete maji ya kunawa. Akitaka kusema, anasema, "Mzee fulani alisema," na hapo neno linapita. Wala hakuna atakayeuliza huyo mzee alisema lini na wapi, kwa sababu kuuliza hivyo ni kumwita mzee mwongo. Basi siku moja wanabishana juu ya Yona, nikajikuta nimesema, "Rabi Bar-Sulle wa Tiberia anasema yule samaki naye alikuwa anaomba siku zote tatu, atolewe Yona tumboni."

Halafu Mzee Tsere akapiga goti lake kwa kofi. "Samaki naye! Ee! Samaki naye anaomba! Limo kwenye vitabu hilo?"

"Sanduku la pili, mzee."

"Na Sulle, umesema? Bar-Sulle?" Akawageukia wenzake, uso unang'aa mafuta. "Si niliwaambia sisi Wairaqw tumetoka huko huko Babeli? Mnanicheka. Haya, akina Sulle hao."

"Kama mlitoka Babeli," alisema Gidamowsa kutoka kwenye kona yake, "mlifuata ng'ombe wa nani?"

"Wewe Mmang'ati nyamaza. Ibrahimu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko nyinyi wote."

"Ndiyo. Na wachungaji wake walilala macho, wakisikia nyinyi Wambulu mnapita."

Wakacheka wote, maana utani huo ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakichomana mikuki. Siku hizi tunachomana kwa maneno. Jumapili ile Mzee Tsere akaenda Jorodom, akahubiri yule samaki mwenye kuomba, akarudi anasema watu wameokoka. Mimi tena ningeacha vipi? Bar-Sulle akasema fisi alichelewa kuingia safinani kwa sababu aligombea nafasi karibu na mbuzi. Akasema mana ilikuwa haina ladha, wana wa Israeli wakaila kwa mlenda. Walikuwa wanayaandika. Mbele ya Mwalimu hawakuyataja, kwa sababu darasani mtu husema akiulizwa, naye aliuliza matundu yake mwenyewe.

Gidamowsa hakuandika. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wake kujua kusoma, na alisoma kama anavyotembea, polepole, bila kugeuka. Baba yake alikuwa mzee mkubwa kwao. Alipokufa walimjengea bung'eda, lile kaburi wanalolijenga kwa miezi, watu wanakuja na pombe ya asali, wanakandika udongo na miti mibichi mpaka linasimama kama kichuguu kumpita mtu kimo. Mwana hupita hapo akaweka tumbaku kidogo, akazungumza na baba. Kanisani hayo waliyaita mambo ya kimila, na Gidamowsa aliambiwa achague. Alibatizwa, tumbaku akaacha. Lakini alikuwa akipita, anavua kofia. Mwaka ule shamba la ngano liliongezwa. Wapima walipita na vigingi vyenye vitambaa vyekundu, na vigingi vikaliacha lile kaburi ndani. Alikwenda ofisi ya kijiji, wakamwambia aende wilayani. Wilayani, aende shambani. Shambani, meneja yuko safari. Kanisani wakamwambia awaache wafu wazike wafu wao.

Ndipo tukafika kwenye Sara amekufa. Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya joto, bati linalia ka, ka, kwa kutanuka. Mwalimu akaeleza: Ibrahimu ameahidiwa nchi nzima, kusini na kaskazini, wazao kama nyota, na siku mke wake anapokufa hana hata pa kumlaza. Anasimama mbele ya wenye nchi, mzee mzima, anainama, anasema mimi kwenu ni mgeni, nipeni pa kuzikia. "Kipande cha kwanza cha ile ahadi kubwa yote," Mwalimu akasema, "ni kaburi. Mtazame Mungu anavyolipa." Hakuwa anatania. Tulikuwa bado tunalimeza hilo Gidamowsa aliponyoosha mkono, mara yake ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Ibrahimu alinunua. Mtu ambaye hakununua, maana alikuwapo kabla hajawapo wa kuuza, wazee wa Kiyahudi wanasemaje juu ya kaburi lake? La baba yangu litalimwa."

Mwalimu akanusa ukurasa. Akanigeukia, nikamsomea kipande cha sanduku la kwanza. Akasema tafuta kingine, nikasoma. Kingine. Lilikuwako sanduku la nne, alikuwa akitusimulia, lililobaki bandarini Tanga miaka mingi, akaliulizia mpaka akachoka. Mwishowe akafunga kile kitabu chenye ngozi ya ndama. "Sioni neno lao hapa, Yakobo. Siwezi kusema lisilokuwapo."

"Na wewe mwenyewe, Mwalimu? Unasemaje?"

Nilikuwa karibu, nikaona vidole vyake vinapapasa ukingo wa jalada. "Mimi ni mwalimu wa yaliyoandikwa," akasema.

Gidamowsa akasema, "Asante, Mwalimu," akaketi.

Kibandani mchana ule hakuna aliyebishana. Maharage yalikuwa na wadudu, hata hilo hakuna aliyelitania. Gidamowsa alishika tonge, halifiki mdomoni. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuwapo, nadhani, mahali fulani nyuma. Lakini mbele yake ilikuwapo ile nafasi: kimya kikubwa, wazee wote wamenyamaza, tundu la kutosha mtu kuingia na kichwa. "Rabi Bar-Sulle amelisema," nikasema.

Akainua uso.

"Anasema penye kaburi hapana mfalme. Anasema..." na hapo nikaona uso wake unafunguka, uso ambao sijawahi kuuona umefunguka, nikashindwa kusimama. "Anasema mwana wa marehemu akikaa juu ya kaburi na fimbo yake, ng'ombe wa mfalme wakifika na jembe wanapiga magoti."

"Wanapiga magoti," akasema Gidamowsa.

"Ndivyo anavyosema."

"Na ni neno la wazee."

"La wazee," nikasema. Akala lile tonge. Akala na la pili. Nilijisikia daktari.

Siku chache baadaye, katikati ya somo, Mzee Tsere aliyekuwa amechelewa akaingia anahema, tumbo linatangulia. "Mwalimu, samahani. Yakobo amekaa juu ya baba yake. Trekta limekuja." Tulitoka wote. Mwalimu alinishika bega maana haoni mashimo, tukatembea mpaka jua likawa utosini, mlima Hanang' nyuma yetu umevaa wingu lake, mbele ardhi iliyogeuzwa, nyekundu, imelainishwa mpaka macho yanateleza. Na katikati ya majani yaliyobaki, lile kaburi, na mtu mrefu amekaa juu, fimbo magotini. Mbele yake trekta kubwa la kukokota haro, sahani za chuma zinameremeta. Limezimwa.

Dereva alikuwa kijana wa kwetu, ovaroli la bluu. Tulimkuta amesimama chini, kofia mkononi. "Shikamoo baba," alikuwa akisema. "Naomba unipishe. Mimi nimetumwa tu."

"Marahaba, mwanangu. Huwezi kupita. Rabi Bar-Sulle amekataza."

"Ni nani huyo, baba? Diwani?"

"Ni mzee."

Dereva akafikiri. Kwetu mzee akikataza, kijana hufikiri. Kisha akaenda kukaa katika kivuli cha gurudumu lake, akatoa kiazi kitamu mfukoni, akakivunja, akampelekea Gidamowsa kipande. Wakala wote wawili, mmoja juu, mmoja chini.

"Kimetokea nini?" Mwalimu akaniuliza, vidole vyake vimenibana bega. "Mbona kimya?"

"Trekta limezimwa, Mwalimu. Dereva amekaa chini."

Sijui nilisimama pale muda gani nikiwa nabii. Najua kwamba nilianza kuamini. Nilifikiri, labda nilimsoma kweli huyu rabi katika ule ukurasa nisiouelewa. Labda ametokea Tiberia akapitia kinywani mwangu kwa sababu hakupata kingine. Mzee Tsere alikuwa ameanza kuimba pambio kwa sauti ya chini. Kisha likaja Landrova.

Meneja hakuwa mtu mkali. Hilo nalisema kwa haki. Alishuka na miwani ya jua, akaja moja kwa moja kwa Mwalimu, akainama, "Shikamoo mzee." Akasema hana ugomvi na dini, yeye mwenyewe ni muumini, ila taifa linahitaji mkate. Mwalimu akafungua mdomo. Nikasubiri. Niliomba, kwa mara ya kwanza mwaka ule niliomba kwa nia, kwamba aseme chochote, hata kwa Kiebrania. Mdomo ukafungika. Meneja akamgeukia mtu wa juu ya kaburi. "Haya, mzee, nani amekuambia ukae hapo?"

"Rabi Bar-Sulle wa Tiberia."

"Huyo ni mbunge wa wapi?"

Walinzi wakacheka. Na mimi nikacheka. Ilikuwa imepangika vizuri, ile kauli. Ni ya aina ambayo ningeisema mimi. Ilinitoka kabla sijajua, ka! kama chafya, na Gidamowsa akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie, niwaeleze hawa Bar-Sulle ni nani. Kisha walinzi wakapanda, wakamshika, akajishikiza kwenye miti ya kaburi, wakavuta, na mfupa ukalia. Sikujua mfupa wa mtu unalia kama kuni.

Dereva aliambiwa apande. Alipanda. Alipowasha trekta alivaa kofia yake mpaka machoni. Kaburi halikukubali mara moja. Lilikuwa limejengwa na watu waliokusudia. Haro ilirudi, ikarudi tena, na kila ilipopita lilibaki fupi zaidi, mpaka ukawa huwezi kusema lilikuwa hapa au pale. Hakuna kilichopiga magoti isipokuwa Mzee Tsere.

"Kimetokea nini?" Mwalimu akauliza. "Kijana. Niambie, kimetokea nini?"

Mimi, mwenye maneno tele, nilimgeuza tu njia ya kurudi.

Gidamowsa walimweka mahabusu Katesh, wakamwachia bila kesi, mkono umefungwa na mtu asiyejua kufunga. Chuoni hakurudi. Na Mwalimu Zefania, ambaye hakuwahi kuruka hata nukta moja ya Kiebrania, siku ya somo lililofuata alifungua kwenye habari za mtumishi aliyekwenda kumtafutia Isaka mke. Sura ya kaburi ilikuwa haijamalizika. Hakuna aliyemkumbusha. Majuma machache baadaye, baada ya somo, akaniambia nibaki. Nje upepo ulikuwa umesimama, kitu cha ajabu Balangdalalu, na nilisikia nzi wa kile kitabu.

"Tsere ameniambia juu ya Rabi Bar-Sulle," akasema. "Nimewaza, nimekumbuka kila jina katika masanduku matatu. Nikasema labda yumo katika la nne."

"Hayumo, Mwalimu."

"Ulimpata wapi?"

"Kibandani. Nilimtunga."

Nilisogeza kiti nyuma kidogo, maana fimbo ilikuwa karibu naye. Hakuigusa. Alivua miwani, akawa anaifuta kwa pindo la shati, anafuta, anafuta, kama vile ikiwa safi ataona. "Mimi ndiye niliyeulizwa kwanza," akasema. Mwaka uliofuata aliniombea nafasi seminari, ndiko niliko, na sijui kama ilikuwa zawadi au ilikuwa kuniondoa machoni pake, ambayo tayari hayakuwa yanaona.

Seminari kuna maktaba. Kidato cha pili niliokota kitabu kinene kinachoeleza wale wazee wa kweli, nikakisoma kwa Kiingereza kilichoacha kuwa mbuzi. Lipo neno lao. Kaburi linalojulikana, wanasema, haliondolewi. Wamelijadili kwa kirefu, majina na miji, watu waliokufa zamani sana wamelikalia usiku na mchana. Labda lilikuwa katika sanduku lililobaki Tanga, au hata la pili, katika ukurasa nilioutamka bila kuuelewa. Nilifurahi kama dakika moja. Halafu nikaona kwamba ningempelekea Gidamowsa rabi wa kweli, mwenye ndevu za kweli, meneja angeuliza swali lile lile, na mkono ungevunjika pale pale. Nikakirudisha kitabu.

Lakini siku ile aliyonibakiza Mwalimu sikuyajua hayo. Nilijua jambo moja tu, kwamba lazima nimfuate Gidamowsa huko Dirma alikohamia, nimwambie ukweli: hakuna rabi, hakuna Tiberia, ni mimi. Nilitaka anipige. Nilikwenda kwanza nyumbani. Mama alikuwa jikoni, amechemsha yale masazo ya ngano pamoja na maharage, kama makande. Ngano ikichemka ina harufu tamu, nami nilikuwa na njaa, na niliona aibu kuwa na njaa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni: samaki, fisi, ng'ombe wanaopiga magoti, kicheko changu, mfupa. Nikamwambia kesho alfajiri naondoka kwenda kumwambia. Mama hakuacha kukoroga. Alipakua bakuli moja, akaliweka chini karibu na mafiga, akalisukuma upande wangu kwa mwiko. Mvuke ukanipanda usoni. Akasema:

"Kaa ule. Baba yake wameshamnyang'anya. Wewe usiende kumnyang'anya na huyo mzee."